Pengwini wawili wa kaseti ya njano, na mafumbo mengine ya Kijapani yasiyohitaji Kijapani

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi nimezaliwa na kukulia Tanga. Miaka ya tisini baba alituletea gemu ya TV, ile ya kaseti ya njano iliyojinadi kuwa na michezo 9999. Humo kulikuwa na mchezo wa pengwini wawili: ukimpeleka mmoja kulia, mwenzake anakwenda kushoto. Mimi na marehemu kaka yangu tuliucheza mpaka mama anakuja kuzima umeme. Jina lake sijawahi kulijua. Sasa binti yangu ana miaka 10, anapenda mafumbo, na nataka tuucheze pamoja. Naomba jina. Na kama kuna mingine ya Kijapani ya zamani ya namna hiyo, isiyojulikana sana, nielekeze. Ila Kijapani hatujui hata neno moja, na tulicho nacho ni simu na laptop.

Jibu: Dada, pole sana kwa kaka. Na nakushukuru, maana umeueleza mchezo wenu kwa namna ambayo haiwezi kuchanganywa na mwingine wowote. Unaitwa Binary Land, wa kampuni ya Hudson Soft ya Japani, na toleo mlilocheza ni la mwaka 1985. Pengwini hao wana majina: Gurin na Malon, wapenzi waliotenganishwa na ukuta uliopita katikati ya skrini. Juu kabisa, pale ukuta unapoishia, kuna moyo ndani ya kizimba. Wanatakiwa kufika wote wawili, mmoja upande huu wa moyo na mwingine upande ule, kwa wakati mmoja.

Ukibonyeza juu, wote wanapanda. Ukibonyeza kulia, mmoja anakwenda kulia na mwingine kushoto, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Lakini kuta za upande mmoja hazifanani na za upande wa pili, na utamu wote umelala hapo. Mmoja akigonga ukuta anasimama, mwenzake anaendelea, na ule ulingano wao unavunjika. Mnapocheza na binti, mwonyeshe hili: ukuta si adui, ni chombo cha kupimia. Akimwona Gurin yuko hatua mbili nyuma ya Malon, atafute mahali Malon atakapobanwa ukutani, kisha abonyeze mara mbili. Malon hatasogea, Gurin atamfikia. Mtoto akishaligundua hilo kwa mkono wake mwenyewe, anaanza kuzitazama kuta kabla ya kuwatazama pengwini. Na wale buibui utawakumbuka: pengwini mmoja akinasa kwenye utando, mwenzake ndiye anayekwenda kumnasua kwa dawa ya kupuliza.

Unaweza kujiuliza mchezo wa Kijapani ulifikaje Tanga bila duka lolote kuuagiza kwa jina. Mashine mliyokuwa nayo ilikuwa nakala ya Family Computer, yaani Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983. Kaseti za Famicom zina pini 60. Zile za toleo la Marekani na Ulaya, NES, zina pini 72. Watengenezaji wa nakala walifuata umbo la Kijapani, kwa hiyo zilizotufikia zilikuwa gemu za Kijapani zenyewe, hazikupita kwanza mikononi mwa wauzaji wa Marekani. Tena michezo ya miaka ya mwanzo ya Famicom ilikuwa midogo: programu isiyozidi kilobaiti 32 na picha kilobaiti 8. Mtu anayetaka kujaza kaseti moja michezo mingi kwa gharama ndogo huchagua iliyo midogo. Ndiyo maana kizazi chetu kilikua na michezo ya 1984 na 1985 hata ilipofika 1996. (Ile 9999, bila shaka mligundua, ilikuwa michezo michache ikirudiwa-rudiwa, kila mara ikianzia hatua tofauti.)

Kama kaseti yenu ilifanana na nyingi nilizozifungua, ilikuwa pia na Lode Runner na Nuts & Milk, zote mbili toleo la Hudson la 1984. Zote zina kipengele cha EDIT, ambacho wengi wetu tulikiona na kukipita. Ni karakana ya kujengea hatua zako mwenyewe: unaweka ngazi, matofali, maadui, kisha unacheza ulichokijenga. Japani walihifadhi kazi zao kwenye kinasa sauti cha kaseti kilichounganishwa na mashine. Sisi hatukuwa nacho, ukizima umeme kila kitu kinapotea, lakini mtoto wa miaka 10 anayependa mafumbo atafurahi zaidi kutunga la kwake kuliko kufumbua la mtu.

Sasa nije kwenye lugha, kwa sababu naona ndiyo inayokutia wasiwasi. Katika michezo ya hadithi, lugha ni ukuta kweli. Katika mafumbo ya zama zile si ukuta hata kidogo. Maandishi yalikula nafasi, na herufi za Kijapani zilikuwa mzigo mkubwa zaidi kwenye kaseti ndogo, kwa hiyo watunzi walilazimika kufundisha kwa chumba chenyewe. Chumba cha kwanza kina kitu kimoja tu cha kufanya. Ukikifanya, umeshajua kanuni. Chumba cha pili kinakipindua kidogo. Michezo nitakayokutajia nimeichagua kwa kigezo hicho: je, mtu asiyejua kusoma kabisa angeelewa ndani ya dakika tano?

Wa kwanza, na kama mtacheza mmoja tu basi uwe huu, ni Adventures of Lolo. Ulitungwa na HAL Laboratory, kampuni ambayo Satoru Iwata, baadaye rais wa Nintendo, alikulia kikazi. Ulianza kama Eggerland kwenye kompyuta za MSX mwaka 1985, na mwaka 1989 ukatoka Marekani kwa jina la Lolo, ukikusanya vyumba vingi kutoka kwenye michezo ya Kijapani iliyotangulia. Lolo ni kiumbe wa buluu wa mviringo anayemtafuta binti mfalme Lala ndani ya ngome. Vyumba ni 50, kila kimoja kinaenea skrini moja, miraba 11 kwa 11, na hakuna kilichofichwa. Unaokota mioyo yote, kisanduku kinafunguka, unachukua kito kilichomo, maadui wanatoweka, mlango unafunguka. Kanuni nzima ni hiyo.

Uzito uko kwa viumbe wanaokaa humo. Snakey ni nyoka asiyefanya lolote, amekaa tu njiani. Medusa hasogei pia, lakini ukikatiza kwenye mstari wake ulionyooka, wima au mlalo, bila kitu cha kuwatenganisha, umekufa papo hapo. Unamziba kwa kusukuma jiwe la kijani katikati yenu. Leeper ni kijani mwenye mbio anayekufuata, na akikugusa hakuui: analala usingizi, hapo hapo alipokugusia, na haamki tena.

Sasa tazama watunzi walivyoviunganisha. Uko kwenye chumba, moyo wa mwisho uko kwenye mstari wa Medusa, na jiwe pekee umeshalitumia kumziba Medusa mwingine. Utazunguka, utasukuma, utaanza upya, utasema chumba hiki kina kasoro. Halafu utamwona Leeper akikukimbilia kwa mara ya kumi, na safari hii hutamkimbia. Utasimama pale ambapo ungetaka kuwe na jiwe, ukiwa bado nje ya jicho la Medusa, na kumwacha akufikie. Atalala. Mwili wake umekuwa kizuizi, Medusa haoni, moyo ni wako. Hakuna mahali popote mchezo ulipokuambia kwamba adui aliyelala ni ukuta. Ulikuwa unajua tayari sehemu zote mbili za jibu. Kilichobaki kilikuwa kuzigonganisha. Nimeuona uso wa mtoto wa jirani yangu dakika hiyo na hakuna kelele aliyopiga, alinyamaza tu na kurudi nyuma kwenye kiti. Ndicho ninachokitafuta kwenye mafumbo haya: kanuni chache, zilizo wazi, zinazokutana kwa namna ambayo hukuitarajia.

Jambo moja dogo litakalowaokoa saa nyingi: Lolo hatembei mraba mzima kwa hatua, hutembea nusu mraba. Kwa hiyo jiwe nalo linaweza kusimama nusu huku nusu kule. Vyumba kadhaa vya mbele havitoki bila hilo. Na mkikwama, kitufe cha Select kinawaua na kuanza chumba upya. Si aibu, kimewekwa kwa kazi hiyo.

Nikitoka kwa Lolo naenda moja kwa moja kwa Fire 'n Ice wa kampuni ya Tecmo, uliotoka Japani 1992 kama mwendelezo wa Solomon's Key. Mchawi Dana ana uwezo mmoja: kuweka au kuondoa kipande cha barafu mbele ya mguu wake, hatua moja chini. Moto unawaka hapa na pale, nawe unauzima kwa kuusukumia barafu. Kipande kilicho peke yake huteleza mpaka kigonge kitu, na kikikosa sakafu huanguka. Vipande viwili vilivyogandana pembeni havisukumiki, na barafu inayogusa ukuta huganda nao. Kwa hiyo kila kipande unachokiweka ni daraja, au risasi, au kosa, kutegemea umekiweka wapi. Kwa macho yangu huu ndio uliosukwa vizuri kuliko mafumbo yote ya Famicom, na umefunikwa kwa sababu ya tarehe tu: ulitoka wakati watu walikuwa wameshahamia Super Famicom, mashine iliyoifuata Famicom.

Kwa binti yako hasa, kuna mmoja wa Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo. Mwaka 1985 Yutaka Isokawa aliandika mchezo uitwao Pitman kwa ajili ya kompyuta ya Sharp MZ-700, na ukachapishwa gazetini kama mistari ya programu ambayo msomaji anaiandika mwenyewe kwenye mashine yake, herufi kwa herufi. Mwaka 1990 ukageuzwa kuwa kaseti ya Game Boy, na nje ya Japani ukaitwa Catrap. Ni vyumba 100 vya ngazi, mchanga na mawe yanayoanguka, na kazi yako ni kuwafikia na kuwagonga maadui wote. Jiwe likiangukia pabaya, huanzi upya: unabonyeza na wakati unarudi nyuma, hatua moja moja, mpaka pale ulipokosea. Leo tumezoea, lakini mwaka 1990, kwenye mashine ya mkononi, ilikuwa ni ajabu. Kwa mtoto ina maana kubwa. Anayeogopa kukosea hujaribu njia moja tu, ile salama. Anayejua anaweza kurudi nyuma hujaribu tano, na ya tano ndiyo yenyewe.

Baba wa mafumbo yote ya kusukuma ni Sokoban, maana yake mtunza ghala, ambamo unasukuma masanduku mpaka kwenye alama za lengo, wa Hiroyuki Imabayashi wa kampuni ya Thinking Rabbit ya Takarazuka, 1982. Huo si wa kufichika, kwa hiyo nitaupitia haraka, ila fundisheni macho yenu mambo mawili kabla ya kuanza: sanduku likiingia kwenye kona isiyo na alama ya lengo limekufa, halitoki, na sanduku likigusa ukuta ambao hauna alama ya lengo, nalo limekufa vilevile, hata kama linaonekana kusogea. Msidanganywe na wepesi wa kanuni zake. Mwaka 1997 Joseph Culberson alithibitisha kihisabati kwamba Sokoban iko kwenye kundi la mafumbo magumu kabisa ambayo kompyuta haina njia ya mkato inayojulikana ya kuyafumbua. Na kwa laptop yako, huu ndio rahisi kuliko yote kuupata, matoleo ya bure yako tele.

Kuna aina nyingine isiyosukumwa wala kukimbiwa: picha za namba. Mwaka 1987 Non Ishida alishinda shindano la Tokyo la kuchora picha kwa kuwasha na kuzima taa za madirisha ya jengo refu, na kutokana na wazo hilo, sambamba na kazi ya Tetsuya Nishio, likazaliwa fumbo ambalo Nintendo walilitia kwenye Mario's Picross mwaka 1995. Ule wa Game Boy ulitoka duniani kote; Mario's Super Picross wa Super Famicom, mwaka huo huo, wakati ule ulibaki Japani.

Chukueni penseli mjaribu sasa hivi, hata mashine hamhitaji. Choreni mstari wa visanduku 10. Pembeni imeandikwa 8, maana yake kuna visanduku 8 vyeusi vilivyofuatana. Vinaanzia wapi? Hamjui. Lakini vikianzia mwanzo kabisa vinaishia cha 8, na vikisukumwa mpaka mwisho vinaanzia cha 3. Kwa hiyo cha 3 hadi cha 8 ni vyeusi kwa vyovyote vile. Mmepata sita bila kubahatisha. Namba zikiwa 4 na 5, mstari mzima unajulikana: nne, nafasi moja, tano, jumla 10. Kwenye Game Boy ukikosea unakatwa dakika 2, kosa la pili 4, la tatu 8, kutoka kwenye nusu saa uliyopewa, jambo linalowafundisha watoto kubahatisha mapema na kulia baadaye. Ndiyo maana napendelea Super Picross: ndani yake kuna upande wa Wario, hasimu wa Mario, ambao hauna adhabu na haukuambii kama umekosea. Unagundua mwenyewe, namba zinapokataa kukubaliana.

Wa mwisho wa kuueleza kwa kituo ni Money Puzzle Exchanger wa kampuni ya Face, 1997, wa mashine ya Neo Geo. Sarafu zinashuka kutoka juu, nazo ni sarafu halisi za Japani: yeni 1, 5, 10, 50, 100 na 500. Unazivuta na kuzirusha ili zinazofanana zikutane. Yeni moja tano zikigusana zinakuwa sarafu moja ya 5. Tano mbili zinakuwa 10. Kumi tano, 50. Hamsini mbili, 100. Sarafu tano za 100, 500. Sarafu mbili za 500 zinatoweka kabisa. Ukizipanga vizuri, yeni moja ya mwisho inazaa 5, ambayo inakaa karibu na 5 nyingine na kuzaa 10, ambayo ndiyo ya tano iliyokuwa inasubiriwa, na mlolongo unapanda wenyewe mpaka juu. Aliyewahi kukaa dukani akichenji pesa ataushika haraka kuliko msomi yeyote. Ni wa watu wawili kushindana, na ni wa kasi. Mwachie binti aanze kwa ngazi ya chini.

Kuna Panel de Pon pia, wa Intelligent Systems, 1995, wa kubadilishana vigae viwili vilivyokaa sambamba. Ni mzuri mno, ila nje ya Japani uliuzwa 1996 kwa jina la Tetris Attack, vichimbakazi vya maua vikiondolewa na Yoshi, mhusika wa michezo ya Mario, kuwekwa badala yake. Nautaja hasa kwa sababu hiyo, kwani itakusaidia unapotafuta: majina yalibadilishwa ovyo. Eggerland ni Lolo. Pitman ni Catrap. Puzzle Boy wa Atlus, mwingine mzuri wa kusukuma, ni Kwirk. Puyo Puyo wa Compile ya Hiroshima uliuzwa mara moja kwa sura ya Dr. Robotnik na mara nyingine kwa sura ya Kirby, wahusika wa michezo mingine. Usipoona jina moja, tafuta la pili.

Kuhusu kuipata: faili za michezo hii bado ni mali ya wenyewe, na sitakuelekeza kwa wanaozigawa bila ruhusa. Lolo, Fire 'n Ice, Panel de Pon na Mario's Super Picross zote zimo kwenye Nintendo Switch Online, huduma ya mtandaoni ya mashine iitwayo Switch, kwa hiyo Switch ya mkono wa pili inafungua mengi kwa mkupuo. Money Puzzle Exchanger umetolewa upya na kampuni ya Hamster kwa mashine za sasa. Kwenye toleo lolote la Kijapani mtakutana na maneno mawili tu ya maana: はじめから, hajime kara, ni kuanza mwanzo, つづきから, tsuzuki kara, ni kuendelea mlipoishia. Na kwenye PlayStation za zamani za Kijapani duara ndiyo kukubali, msalaba ni kukataa, kinyume na tulivyozoea.

Na ile kaseti ya njano, kama bado iko kwa mama Tanga, usiitupe. Msiipulize kwa mdomo kama tulivyokuwa tukifanya sote, unyevu wa pumzi unazila pini. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti, futa pini pande zote mbili mpaka pamba itoke nyeupe, acha ikauke robo saa. Mashine ikigoma, nakala za pini 60 bado zinauzwa kwa bei ndogo, na kaseti yenu itaingia.

Mkianza na Lolo, wekeni daftari karibu na skrini. Kila chumba kina nywila ya herufi nne, na mchezo wenyewe hauna kumbukumbu nyingine.